Mkwe Aliyetoka Bila Kukohoa

Haya yalitokea. Sikuhadithiwa na mtu wala sikuota. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, jua la mchana liko utosini, mikono yangu imejaa magamba ya samaki, na akili zangu zote ninazo. Wengine husimulia walivyokutana na mambo ya ajabu usiku wa manane, na wewe msikilizaji unajiuliza kama jamaa hakuwa ametoka kilabuni. Mimi langu nilikutana nalo mchana kweupe, uani, pale Mirongo mjini Mwanza, na siku hiyo nilikuwa sijaonja hata togwa.

Wala usidhani nafurahi kusimulia. Shule niliishia darasa la pili, lakini heshima yangu haina darasa. Uliza Sengerema nzima. Binti zangu wote wameolewa kwa ng'ombe, siyo kwa ahadi. Hakuna aliyewahi kunisikia nikitukanwa, na aliyejaribu alijuta. Kwa hiyo uniamini ninapokuambia kwamba ningependa kuingia kaburini bila kuyatamka haya. Yananivua nguo. Lakini watu wameshayasimulia vibaya miaka mingi, basi bora niyasimulie mimi mwenye nayo.

Kwanza ujue kitu kimoja, usije ukanishangaa. Kwetu Usukumani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hamtazamani usoni, hamketi pamoja, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Jina lake hulitamki. Siyo chuki, ni heshima kubwa kuliko zote. Huyo ndiye mwanamume anayejua siri ya mwanao, utamtazamaje?

Basi, miaka ile ya tisini binti yangu wa mwisho, Kabula, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Nikavuka kwa kivuko kwenda Mwanza kumtunza. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, mji umechangamka, kila mtu anauza kitu. Mume wake, yaani huyo mkwe wangu, alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha minofu cha huko ufukweni. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenye ziwa tunabaki na mifupa. Mapanki. Tunayakaanga, tunayafyonza, tunashukuru Mungu.

Mkwe aliwekwa shifti ya usiku. Usiku kucha amesimama kwenye maji baridi anapasua samaki, asubuhi anarudi macho mekundu, analala mchana. Chumba chao kilikuwa kimoja. Mimi nilikuwa nalala kwa mwenye nyumba, Bi Zubeda, mjane wa Kiislamu mwenye mdomo mkali na moyo mzuri. Mchana nilikuwa uani na Kabula na mtoto. Mkwe akitaka kutoka, anakohoa kwanza ndani. Khoo, khoo. Hapo mimi najifunika kanga, nageuka, anapita, naendelea na kazi zangu. Tukitaka kusalimiana, tunamtumia Kabula, pazia likiwa katikati yetu.

"Kabula, mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwambie kazini kwema?"

"Mwambie kwema."

Bi Zubeda alikuwa anakufa kwa kicheko. "Nyie Wasukuma! Si mwandikiane barua kabisa, mzitie stempu!"

Tulikuwa tunacheka. Nyumba ile ilikuwa na kicheko, nisiseme uongo.

Chumba cha upande wa pili wa ua alipanga kijana mmoja, Festo, muuza kaseti. Kazi yake ilikuwa kununua kaseti za nyimbo na kuzijaribu moja moja kwenye radio kubwa kabla ya kuzipeleka sokoni. Na alikuwa anazijaribu saa ngapi? Mchana. Mkwe anageuka kitandani mpaka kitanda kinalia. Siku nyingine anapiga kelele dirishani, "Festo, zima hiyo kitu, mwenzio nimetoka kazini!" Festo naye anajibu, "Kodi nalipa na mimi, bwana minofu! Mchana haujawa wa kwako!"

Siku moja mkwe akachoka, akasema kwa sauti nyumba nzima ikasikia: "Ipo siku nitakupasua kama sangara!" Watu wakacheka. Festo alicheka kuliko wote. Nani angejua?

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Kabula alikuwa ameenda bombani, foleni ndefu. Bi Zubeda yuko sokoni. Festo kazima radio yake, katandika mkeka kivulini mlangoni kwake, kalala kifudifudi, mgongo wazi. Mimi nasafisha mapanki kwenye beseni, mtoto nimembeba mgongoni. Kulikuwa kimya. Nakumbuka ule ukimya kwa sababu nilikuwa nafikiri, leo baba wa watu atalala.

Pazia likafunguka. Hapakuwa na kikohozi.

Niliinua kichwa, nikadhani ni upepo. Alikuwa ni mkwe wangu, amesimama mlangoni kama mama yake alivyomzaa. Hana shuka, hana chochote. Na macho yako wazi.

Nitakuambia kuhusu yale macho. Umewahi kuona sangara aliyewekwa kwenye barafu? Jicho liko wazi, lina maji, linang'aa, lakini ukilitazama hakuna mtu ndani. Ndivyo yalivyokuwa. Alinitazama mimi, mama mkwe wake, na hakuniona. Mikono yake ilikuwa inacheza hewani. Huu wa kushoto unabana kitu, huu wa kulia unateleza juu yake polepole, unarudi, unateleza tena. Nikasema moyoni, huyu siye. Huyu amechukuliwa. Kuna watu walikuwa wanasema kiwandani kule usiku wanafanya kazi wazima pamoja na misukule, watu waliokufa na kuzikwa. Nikasema ndiyo huyu, wamemrudishia Kabula gamba tu, mwenyewe wamebaki naye.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angepiga yowe. Angemmwagia lile beseni la maji machafu usoni. Angemwita jina lake.

Mimi niligeuka ukutani. Nikavuta kanga nikajifunika mpaka machoni.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa na mama yangu. Mkwe akiwa uchi hutazami, hata kama unaungua moto. Wala sikufikiri, mwili uligeuka wenyewe. Nikasikia miguu inakuja. Harufu ya samaki ikanifikia, ile ya kiwandani isiyotoka hata kwa sabuni. Akasimama nyuma yangu, karibu kabisa. Nikasikia kisu changu kinachukuliwa kwenye beseni, kile nilichokuwa nakwangulia magamba. Na mimi bado nimeelekea ukutani, nasema kimoyomoyo apite, Mungu wangu, apite avae.

Unakumbuka mtoto alikuwa wapi? Mgongoni kwangu. Nilimgeuzia mtu mwenye kisu mtoto wake mwenyewe. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nimekaa peke yangu, na nilitapika.

Kisha Festo akalia. Siwezi kuuelezea ule mlio.

Nilipogeuka, Festo kasharuka wima, damu inatiririka kutoka begani inafuata mkono mpaka kwenye vidole, mkato mmoja mrefu, safi, wa mtu anayeijua kazi yake. Mkwe kapiga magoti kwenye mkeka, mkono bado unateleza hewani. Kabula akaingia wakati uleule na ndoo kichwani. Ndoo ikaanguka. "Mayo! Mama!" Akavua kanga yake ya juu akamfunga mumewe kiunoni, akampiga makofi mawili ya nguvu, na hapo ndipo nikaona mtu anarudi ndani ya macho yale. Alitazama kisu. Akatazama damu. Akasema, "Kabula, nani kamkata?"

Watu walipojaa uani walimkuta ana kanga kiunoni. Hakuna aliyejua alitokaje.

Polisi walikuja. Festo akapelekwa hospitali, mkwe akapelekwa rumande. Mpelelezi akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

"Sikuona. Nilikuwa nimeelekea ukutani nafanya kazi zangu."

Ona ulimi wangu ulivyo mjanja. Nimesema uongo? Nilielekea ukutani kweli.

Mtaani kesi ilikuwa imekwisha. Alimtishia, wote walisikia. Akangoja kalala, akamkata. Mkwe mwenyewe alipoulizwa alisema tangu mtoto wanamwambia hutembea usingizini, na kwamba siku hiyo hakumbuki kitu. Watu wakacheka. Usingizi gani huo unaojua njia ya kwenda kwa Festo? Kabula alieleza kwamba alimkuta kama mtu aliyelala, wakamwambia wewe ni mke, utasema lolote.

Kabula akaanza kukauka maziwa. Mtoto ananyonya, analia. Siku moja akaniwekea mtoto mapajani akanikalia mbele.

"Mama, alitoka na nguo au bila nguo?"

"Mambo gani hayo unamuuliza mama yako?"

"Nilimkuta uchi, mama. Wewe ulikuwa hapo. Ulimwona."

"Sikuona kitu. Na ukirudia neno hilo nakuchapa na uzazi wako."

Akamchukua mtoto mapajani kwangu. Bi Zubeda alikuwa mlangoni anachambua mchele, na yeye hakuwahi kujua kunyamaza. "Bibi, mimi si wa kabila lenu, mila zenu sizijui. Lakini niambie. Huyo mkwe wako angekuwa na akili zake, angethubutu kupita mbele yako hivyo? Hata kwa hasira?"

"Afadhali angejiua."

"Basi si ndiyo hiyo kesi yenyewe?" akasema. "Wewe ndiye unayo, umeikalia."

Nilichukia. Nilichukia kwa sababu mwanamke yule ambaye hakuwahi kuogopa mkwe maisha yake yote aliiona kweli kabla yangu.

Siku ya mahakama ya mwanzo ilifika. Chumba kimejaa, wengine wamening'inia madirishani. Hakimu alikuwa kijana, mtu wa mikoa ya mbali. Kulia na kushoto kwake wazee wa baraza wawili, mmoja mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya majani. Festo alisimama na mkono umefungwa, akaeleza. Hakimu akamuuliza mshitakiwa alikuwa amevaa nini.

"Mheshimiwa, mimi nilitazama kisu," Festo akasema. "Nguo zake zilinihusu nini?"

Watu wakacheka. Ndipo Kabula akanitazama kutoka benchi la mbele, mtoto kifuani. Nikasimama mwenyewe, sijaitwa.

"Mheshimiwa, mimi nina la kusema."

Wakaniapisha. Hakimu akapekua karatasi zake. "Mama, polisi ulisema hukuona kitu."

"Nilisema niligeuka ukutani."

"Kwa nini uligeuka?"

Umewahi kutaka ardhi ipasuke, na ardhi ikakataa? Nilitazama sakafu ya mahakama ile mpaka nikajua nyufa zake zote.

"Mama. Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa uchi."

Kilichofuata ni kicheko. Madirishani walipiga makofi. Hakimu akagonga meza. Hakuelewa, maskini. Akauliza, "Uchi kivipi? Kifua wazi?"

"Mheshimiwa, uchi uko wa aina ngapi? Nimemwona wote. Nimemwona mkwe wangu wote, mchana, na jua linawaka."

Pale sasa kicheko kilikatika kwa wale wa kwetu. Yule mzee wa baraza alivua kofia yake akajifunika nayo uso. Nikasikia kelele upande wa mshitakiwa. Mkwe wangu alikuwa amegeuka, ameweka paji la uso ukutani. Askari akamshika, "Mshitakiwa, tazama mbele!"

"Mwache," mzee akasema nyuma ya kofia. "Mwache hivyohivyo."

Kisha akamweleza hakimu, taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Kwamba Msukuma akiwa na hasira ataua mtu, ndiyo, lakini atavaa. Kwamba mlevi wa kutupwa chini akisikia sauti ya mama mkwe wake anaamka, anajificha. Kwamba mwanamume kupita hivyo mbele ya mama wa mkewe ni jambo ambalo akili, hata ikiwa imebaki kidogo kiasi gani, hairuhusu. "Na hakuna mama mkwe wa kwetu," akasema, "atakayezua hili kumwokoa mtu. Kuzua hili ni sawa na kujizika."

Akanigeukia, bado hanitazami. "Mama, macho yake uliyaona?"

Nikamweleza jicho la sangara. Nikamweleza mikono. Nikamweleza kisu kilikuwa changu, kilichukuliwa nyuma yangu, na mgongoni nilikuwa na mtoto wake na hakumgusa wala hakumwona. Nilisema yote. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kanga ikanata. Nilipomaliza niligundua kwamba muda wote nilikuwa nimesimama mbele za watu kichwa wazi.

Wakatoka, wakashauriana, wakarudi. Hakimu akasema maneno mengi, mimi nilishika haya: kwamba mkono ukitenda wakati akili ya mwenye mkono haipo, sheria haimhesabii mtu huyo kosa. Aachiwe.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mkwe alitolewa mlango wa nyuma ili tusikutane.

Nje, Festo alinisubiri chini ya ngazi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliinua ule mkono. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo.

"Bibi, nimekuelewa. Alikuwa amelala, sawa. Na mimi nilikuwa nimelala. Sasa nani kanikata?"

Jibu nilikuwa nalo, sikulitoa. Pale uani siku ile mtu mmoja tu alikuwa macho. Mmoja tu. Na mtu huyo alichagua ukuta.

Nilirudi Sengerema. Habari zilikuwa zimeshavuka ziwa kabla yangu. Kisimani wanawake wakiniona wananyamaza, nikipita kicheko kinanifuata. "Yule bibi aliyemwona mkwe." Mimi, niliyekuwa naitwa kusuluhisha ndoa za watu! Kwetu jambo la namna ile lina taratibu zake, wazee wa pande mbili hukutana, mbuzi huchinjwa, yakasemwa yaishe. Ukoo wangu ulikuwa tayari. Mkwe hakuja. Aliacha kazi, akamchukua Kabula na mtoto wakahamia upande wa Geita kulima. Alijitengenezea kamba ya katani, kila akilala anajifunga mguu kitandani. Kabula akaniambia hata usingizi wa mchana wa dakika chache anajifunga.

Miaka ikapita. Kabula alikuja kunisalimu mara mojamoja, peke yake. Safari moja, nilipokuwa namfungia karanga za kurudi nazo, akasema, "Mama, amenituma neno."

"Sema."

"Anasema umwambie kwamba ulidanganya. Pale mahakamani. Kwamba hukumwona, uligeuka mapema, ukasema vile ili kumwokoa tu. Anasema ukimwambia hivyo atakuja. Atakuja kukujengea hata nyumba ya mabati. Watoto waje likizo."

Nikakaa chini na zile karanga.

Unaona lilivyokuwa jepesi? Neno moja tu. Kabula alikuwa ananitazama midomo kama mtoto anayesubiri kulishwa. Wajukuu wangu kwa Kabula walikuwa wameshafika watatu, wawili sijawahi kuwagusa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Lakini nikafikiri. Nikimwambia nilidanganya, basi hakuwa uchi. Na kama hakuwa uchi, basi nani atamhakikishia kwamba alikuwa amelala? Yeye mwenyewe hakumbuki. Anachojua ni kwamba alimtishia mtu, na mtu yule akakatwa. Atakuja kwangu, atajenga, atakula ugali wangu, na usiku atalala akijiuliza kama ni yeye aliyemngojea Festo afumbe macho, akachukua kisu nyuma ya mgongo wa mwanawe, akaenda. Kamba ile ya mguuni ingehamia shingoni.

"Mwambie sikudanganya," nikasema. "Mwambie nilimwona wote, na hakuwemo."

"Hatakuja, mama."

"Najua."

Akachukua karanga zake akaenda. Hajaja, na mimi sasa nimezeeka, hata kivuko sipandi. Wajukuu wale nawajua kwa picha.

Basi wewe unayenisikiliza, ukiwa na mtu wa hivyo nyumbani usimwite mchawi, wala usimcheke, wala usimkimbize kwa waganga. Ficha visu. Mwache alale, na jirani mwenye radio mwambie ukweli mapema, hata kwa ukali. Na siku ukimkuta amesimama mbele yako macho wazi na hayumo, awe mkwe wako, awe baba yako, awe padri, awe amevaa au hakuvaa, usitafute ukuta. Mtazame. Mwite jina lake kwa nguvu mpaka mtaa mzima usikie, mmwagie maji, mng'ang'anie mkono. Aibu mtaigawana akiwa ameamka.